Namna ya kuendesha baraza la majirani Waislamu na Wakristo bila kuligeuza mhadhara: mwongozo kamili kwa wakazi wa Malindi

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu jambo lile lile limeendelea kushindwa kwa namna ile ile. Watu wenye nia njema katika mitaa ya Malindi huona jinsi majirani zao Waislamu wanavyotiliwa shaka, huitisha kikao ili watu wazungumze, na kabla ya adhana ya magharibi kikao kimekwisha kuwa mashindano. Nimehudhuria vikao vitatu vya aina hiyo. Katika vyote, mtu mmoja aliuliza kwa nini Waislamu hawawakemei magaidi, mwingine akajibu kwa aya, wa tatu akafungua Biblia, na wale waliokuja na jambo lao moyoni wakarudi nalo nyumbani.

Adabu haikukosekana katika vikao hivyo. Kilichoviharibu ni kwamba viliendeshwa kama mhadhara wa dini, na kazi ya mhadhara ni kuonyesha nani mwenye hoja. Baraza ninaloeleza hapa lina kazi nyingine: anayeshukiwa asikilizwe mpaka amalize, na anayeogopa aulize bila kuhukumu. Hatua zenyewe ni za baraza la mtaa mmoja, lakini wakazi wa Lamu, Mpeketoni au Watamu wanaweza kuzitumia kwa kubadilisha mambo machache.

Vitu vinavyohitajika

- Wasimamizi wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo
- Washiriki 12 hadi 16, nusu kwa nusu kadiri inavyowezekana
- Mahali ambapo si msikiti wala kanisa
- Mikeka ya kutosha, na viti vichache kwa wazee na wenye maumivu ya magoti
- Daftari moja, kalamu mbili, na saa inayoonekana na wote
- Dele la kahawa, tende, mahamri na maji ya kunywa
- Majuma matatu ya maandalizi

Kipaza sauti hakimo katika orodha hii, na kisiletwe. Mtu akishika kipaza sauti huanza kuhubiri hata kama hakukusudia.

Hatua ya 1: Tafuteni wasimamizi wawili

Tafuteni watu wawili ambao tayari wanajuana, waliowahi kukopeshana, kuzikana au kuuguziana. Mwalimu wa chekechea, fundi cherehani, muuguzi mstaafu au mama wa chama cha akina mama anafaa zaidi kuliko mhubiri mashuhuri. Sababu ni kwamba shehe au pasta anapoongoza, washiriki huona haya kusema yaliyo kinyume na msimamo wake, na yeye mwenyewe huona ana wajibu wa kuitetea dini yake. Viongozi wa dini waarifiwe mapema na waombwe baraka zao. Wakitaka kuhudhuria, waje kama majirani na waketi mkekani pamoja na wengine.

Onyo: msianze na msimamizi mmoja kwa ahadi kwamba mwingine atapatikana baadaye. Baraza lililoitishwa na upande mmoja hubaki mali ya upande huo.

Mtajua hatua imekamilika wasimamizi hao watakapoweza kuambiana ukweli mchungu wakiwa wawili tu. Wajaribu kwanza. Kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja analoliogopa au lililomuumiza kuhusu watu wa dini ya mwenzake. Wakishindwa wao wawili, wasitegemee kuwaongoza watu kumi na wanne.

Hatua ya 2: Alikeni kwa kupiga hodi

Mwaliko wa kundi la simu haufai. Ujumbe husambazwa, huongezewa maneno, na jioni ile ile watu wa mitaa mitano hudhani kuna mkutano wa kuwahoji Waislamu. Wasimamizi waende wote wawili pamoja, nyumba kwa nyumba. Hodi na shikamoo ni za kila mtu, kwa hiyo asiye Mwislamu hana haja ya kulazimisha salamu ya dini isiyo yake ili aonekane mwema.

Maneno ya mwaliko yawe mafupi na ya wazi: "Mama, tunataka kuketi watu wachache wa mtaa huu, tuelezane jinsi tunavyoishi na hizi shaka zilizo kati yetu. Hakuna mahubiri, na hakuna atakayeulizwa maswali ya dini. Tunaomba uje usikilize, na ukipenda useme."

Chagueni kwa uangalifu, kwa sababu shaka haiwaangukii Waislamu wote kwa uzito ule ule. Mwanamke anayevaa nikabu na kijana wa Kisomali huibeba kila siku barabarani. Kijana wa Kigiriama aliyesilimu huweza kuibeba hata nyumbani kwao, pale mjomba anapoanza kuuliza kwa sauti ya chini amejiunga na nani. Wako pia vijana wa Pwani waliopitishwa kwenye ukaguzi wa ziada walipoomba kitambulisho, wakatakiwa kuleta hati za babu ambaye hakuwahi kuandikishwa popote. Baraza lenye Waislamu wafanyabiashara wanaoheshimiwa na kila mtu peke yao litasikia kwamba mambo ni shwari.

Upande wa Wakristo pia usijazwe wale wasio na shaka yoyote. Mwiteni yule anayehama kiti garini akiketi karibu na Mwislamu, ilimradi ni mtu anayeweza kunyamaza mwenzake anapozungumza.

Onyo: msimwalike Mwislamu yeyote "aje atujibie." Akija na wajibu huo, atatumia muda wote kujitetea.

Hatua ya 3: Mahali, siku na saa

Hapa mambo ni mepesi. Ua wa nyumba, kivuli cha mwembe au darasa la shule siku ya mapumziko panatosha. Epukeni adhuhuri ya Ijumaa, asubuhi ya Jumapili, na Jumamosi iwapo kuna Wasabato. Jumapili kuanzia saa kumi na nusu alasiri hadi saa kumi na mbili jioni inafaa, kwa kuwa swala ya alasiri imeshaswaliwa na magharibi bado. Mwezi wa Ramadhani, ahirisheni baraza; kama watu wanataka kukutana, waalikane futari na waishie hapo.

Mkikutana mahali pa wazi pa umma, sheria ya Kenya inataka mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa ya maandishi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Nyumbani kwa mtu, mwarifuni mzee wa mtaa ili asishtuke akiona viatu vingi mlangoni.

Waulizeni wanawake wenyewe wanataka kuketi vipi. Wengine hupendelea upande wao wa mkeka, wengine baraza lao wenyewe kwanza, hasa Lamu. Wasiamuliwe na wanaume, wa dini yoyote.

Chakula kiwe kile ambacho kila mtu atakila bila kuuliza. Kama kuna nyama, mchinjaji awe Mwislamu na hilo lijulikane mapema.

Hatua ya 4: Kubalianeni juu ya maneno kabla ya mazungumzo

Dakika 15 za mwanzo zitumike kukubaliana mambo manne, na msimamizi ayaandike daftarini mbele ya wote:

1. Kila mtu anasema yaliyompata yeye, au aliyoyaona kwa macho yake.
2. Hakuna kitabu kitakachofunguliwa leo.
3. Majina ya watu wasiokuwapo hayatajwi, na yanayosemwa hapa hayarekodiwi.
4. Yako maneno yanayoachwa nje pamoja na viatu.

Jambo la nne ndilo lenye kazi kubwa. Waulizeni washiriki wenyewe maneno hayo ni yapi. Waislamu watataja "gaidi," "Al-Shabaab" akiitwa mtoto shuleni, na "ninja" akiitwa mwanamke aliyejifunika uso. Wakristo watataja "kafiri," na waliotoka bara watataja jinsi wanavyoitwa wageni baada ya kuishi Malindi miaka thelathini. Acheni orodha iandikwe yote bila mtu kutetea neno lake kwa kusema lilikuwa utani, kwani anayejua uzito wa neno ni yule lililomwangukia.

Mkiona watu wameanza kuinamia daftari na kusema "ongeza na hili," hatua imefaulu.

Hatua ya 5: Kusikiliza na kurudia

Hiki ndicho kiini cha kazi nzima, nacho kipewe nusu ya muda wote. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuutenda. Mtu mmoja anazungumza kwa dakika tano akijibu swali hili: "Ni lini mara ya mwisho ulipotazamwa kwa dini yako, na nini kilitokea?" Kisha mtu wa dini nyingine anarudia aliyoyasikia kwa maneno yake, bila kujibu, bila kueleza na bila kusahihisha. Aliyesema ndiye anayeamua kama amesikiwa.

Nitaeleza mara moja nilivyouona utaratibu huu ukifanya kazi. Mama mmoja avaaye nikabu alisimulia safari yake ya matatu kutoka Malindi kwenda Mombasa. Alikuwa amepakata mfuko aliokuwa akimpelekea bintiye aliyejifungua. Gari lilijaa ila kiti cha kando yake. Abiria wawili walipanda, wakakitazama, wakashuka kungoja gari jingine. Ndipo makanga akamtaka afungue mfuko mbele ya watu, yeye peke yake kati ya abiria wote. Ndani mlikuwa na mto wa mtoto, nguo ndogo zilizokunjwa na chupa ya mafuta ya nazi. "Tulipofika Kilifi," akasema, "nilikuwa ningali nimeupakata ukiwa wazi. Niliona nikiufunga wataanza tena."

Aliyetakiwa kurudia alikuwa mzee mmoja seremala, Mkristo. Akaanza: "Anasema walimkosea, lakini wale watu nao waliogopa." Msimamizi akamwambia kwa upole, "Mzee, hapo umejibu. Turudie tu." Mzee akanyamaza kitambo, akatazama mikono yake, akasema: "Anasema alifunguliwa mfuko wake mbele za watu, akauacha wazi mpaka Kilifi kwa sababu aliogopa kuufunga." Mama akaitikia, "Ndiyo hivyo hasa."

Zamu ya mzee ilipofika, alieleza kwamba nduguye alikuwa Mpeketoni usiku wa tarehe 15 Juni 2014, wakati watu zaidi ya 60 walipouawa katika mashambulizi ya eneo lile, na kwamba tangu siku hiyo yeye mwenyewe hutafuta kiti kilicho karibu na mlango. Mama yule ndiye aliyerudia maneno yake, na hakuruka hata moja.

Sababu ya kurudia ni kwamba mtu anayejiandaa kujibu hasikii. Akijua atatakiwa kurudia, analazimika kuacha kutunga hoja na kumfuata mwenzake neno kwa neno.

Onyo: msimharakishe mtu kusamehe, na msimtake aliyeumia acheke ili wengine wapumue. Kimya cha dakika moja hakiharibu baraza. Mtu akilia, mpeni maji na mngoje.

Hatua ya 6: Swali la ugaidi

Swali hili litakuja, na msilizuie, kwa sababu likizuiwa litazungumzwa njiani watu wakirudi makwao. Lililo muhimu ni umbo lake. "Kwa nini hamwakemei?" ni swali linalomfanya muuza samaki wa Malindi awajibike kwa watu asiowajua na ambao hata yeye wangemuua. Msimamizi amwombe muulizaji aligeuze: "Mimi naogopa jambo fulani; wewe unalionaje?" Swali la namna hii linaweka hofu ya muulizaji mezani, na jirani anaweza kulijibu kama mtu, bila kuwa msemaji wa umma mzima.

Wengi hapa Malindi watalielewa jambo hili kwa mfano ulio karibu. Mwaka 2023, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika kaunti yetu hii ya Kilifi, baada ya waumini kufunga mpaka kufa kwa mafundisho ya mhubiri aliyejiita wa Kikristo. Hakuna Mkristo mwenye kanisa lake mjini aliyeona haki kuulizwa stendi kama naye ni wa kundi lile, na haikuwa haki kweli. Msimamizi Mkristo ndiye anayepaswa kuutoa mfano huu. Ukitolewa na Mwislamu utasikika kama kulipiza.

Inafaa pia washiriki wajue kwamba Al-Shabaab imeua Waislamu wengi mno. Lori lililolipuliwa Mogadishu tarehe 14 Oktoba 2017 liliua watu zaidi ya 500, katika mji ambao karibu kila mkazi ni Mwislamu. Baadhi ya familia za Kisomali zinazoishi huku Pwani zimo miongoni mwa walioikimbia hofu hiyo hiyo.

Huenda mtu akataja basi la Mandera lililoshambuliwa na Al-Shabaab tarehe 21 Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo huku wakielekezewa bunduki, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafa kwa majeraha hayo Januari 2016. Ni habari ya kweli na ya kuheshimiwa, lakini itumieni kwa tahadhari. Nimewahi kusikia ikitajwa kana kwamba Mwislamu anastahili kuaminiwa akiwa tayari kufa kwa ajili ya jirani yake. Hakuna Mkristo anayedaiwa gharama hiyo ili auziwe mkate dukani bila kutazamwa vibaya.

Hatua ya 7: Madai yanayorudi mara kwa mara

Yako madai yatakayotajwa karibu kila baraza. Msiyajadili kwa ghadhabu, yaandikeni, kisha kila dai liulizwe swali moja: "Nani kati yetu ameona?" Madai mengi hukoma hapo.

Yanayobaki yajibiwe kwa mambo yanayojulikana. Kwa mfano, akitokea mtu anayesema mahakama za Kadhi zitawahukumu Wakristo, asomewe Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010: Kadhi husikiza masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pekee, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Akisema madrasa ya mtaani inafundisha chuki, mwalimu wa madrasa amwalike aketi nyuma ya darasa siku yoyote bila taarifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu haki ya kufuata na kudhihirisha dini yake, na kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani; kinafaa kuandikwa daftarini na kusomwa pande zote mbili.

Hatua ya 8: Kazi moja ndogo

Kabla ya kufunga, baraza lichague kazi moja tu inayoweza kufanyika ndani ya siku 30. Ahadi kubwa huaibisha kila mtu mwezi unapokwisha. Baraza nililolieleza lilichagua hivi: mshiriki yeyote akiona kiti kimeachwa wazi kando ya jirani garini, aende akikalie, amsalimu, na akifunguliwa mfuko jirani yake, naye afungue wake. Nauli ni ile ile na mafunzo hayahitajiki, lakini yule mzee seremala alirudi mwezi uliofuata akiwa amefanya hivyo mara mbili.

Mitaa mingine imechagua kuzibua mtaro pamoja au kupeana zamu za kuwavusha watoto barabara. Kipimo ni kwamba kazi ifanywe na watu wa dini zote mbili kwa wakati mmoja, ili wale ambao hawakuhudhuria wawaone wakiwa pamoja.

Hatua ya 9: Jiandaeni kwa usiku wa habari mbaya

Siku moja habari ya shambulio itakuja, na baraza litapimwa usiku huo. Kwa hiyo andikeni mpango mkiwa bado mmetulia. Wasimamizi wapigiane simu ndani ya saa ya kwanza, hata kama ni usiku wa manane, kwa maneno haya tu: "Nimesikia. Ninyi mko salama?" Kila msimamizi kisha awapigie watu wake. Mshiriki asisambaze picha wala sauti yoyote, na akitumiwa, amjibu aliyemtumia kwa kumuuliza kama alikuwapo.

Kukiwa na vitisho dhidi ya nyumba, duka au msikiti, ripoti ipelekwe polisi na kwa chifu na wasimamizi wote wawili wakiwa wamesimama pamoja, kwa kuwa malalamiko ya mtu mmoja wa dini moja huchukuliwa kwa urahisi kuwa ugomvi wa kawaida. Wachukue nambari ya kumbukumbu ya ripoti na kuiandika daftarini.

Asubuhi, kabla ya saa moja, washiriki wanne, wawili Waislamu na wawili Wakristo, wakae kwenye njia ya watoto wanaokwenda shule na madrasa. Hawana haja ya kubeba bango. Walete dele la kahawa, waketi mahali wanapoonekana, wawasalimu wazazi kwa majina yao, na waondoke mtoto wa mwisho atakapokuwa ameingia darasani.

Jumapili inayofuata, saa kumi na nusu, tandikeni mikeka pale pale na muanze tena na hatua ya tano.